Suka Hakanyagi Jani

Hemedi Chambuso hakuja ofisini kuomba wala kuuliza. Alikuja kutukana, na alitukana kwelikweli, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika mke na asiye na cha kuogopa tena.

"Nani hapa ndiye mwalimu wa lile jini lenu?" akauliza mlangoni. "Nataka nimwone sura."

Chumba kizima cha uangalizi wa barabara kikamgeukia Leokadia Kihwele. Siku za sifa walimu walikuwa wote. Leo mwalimu akawa mmoja tu. Leokadia akasimama, akajifuta viganja kwenye sketi, akasema, "Ni mimi, kaka."

"Usiniite kaka! Mke wangu alikuwa kwenye gari la wagonjwa, mtoto amekaa vibaya tumboni, tumepewa rufaa ya Morogoro. Kufika Kitonga usiku gari likaanza kutambaa. Kutambaa, mama! Nagonga vioo, napiga kelele, nani anisikie? Gari lenyewe halina dereva. Naambiwa kuna majani barabarani. Tukayafikia hayo majani. Makavu! Ya jana yake! Gari bovu hakuna, ng'ombe hakuna, mtu hakuna. Majani matupu. Mke wangu amekata roho nyuma ya majani."

Akatema mate sakafuni, karibu kabisa na viatu vya Leokadia. Hakuna aliyemzuia.

Leokadia alitaka kusema pole, lakini pole gani? Alijua Hemedi hakosei hata neno moja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi ya yale mate.

Ile barabara kuu ya kasi inayoiunganisha miji miwili, Mbeya na Morogoro, kwa kuipasua milima ya Udzungwa, watu waliibatiza jina la Mkeka kwa jinsi ilivyolala sawa. Ukifika langoni unaachia usukani, unakunja mikono, na kuanzia hapo anayeendesha ni Suka, akili ya mashine. Wenye Kampuni iliyoijenga walikuwa na jina lao refu la kitaalamu, lakini watu wa Iringa walikataa kujing'ata ulimi. Wakampa lile jina ambalo madereva wa malori walikuwa wakiitana zamani, na likamkaa. Suka alikuwa mmoja na magari yalikuwa maelfu. Aliyapanga kwa misafara, pua kwa mkia, la mbele likiwakatia upepo wenzake, na msafara mzima ukashuka milima kimyakimya kwa kasi ambayo zamani ungeiita wazimu.

Tatizo ni kwamba Suka alifundishwa ng'ambo. Theluji aliijua. Swala wa misitu ya huko aliwajua. Jani la barabarani hakulijua, na nani angemwambia? Huku kwetu gari likiharibika, utingo anavunja matawi, anayatandika lamini huko nyuma, na kila dereva mwenye akili zake akiyaona anaondoa mguu kwenye mafuta. Suka aliona takataka. Mwaka wa kwanza wa Mkeka fundi mmoja alitandika matawi yake kwa adabu zote, akainama kutengeneza gari la huduma, na Suka akauleta msafara moja kwa moja hadi mgongoni kwake.

Hapo ndipo Kampuni ilipomtafuta Leokadia, binti wa dereva wa malori aliyekulia kwenye kiti cha utingo. Wakamvisha bangili ya kufundishia, wakampa gari lenye usukani. Suka hafundishwi kwa kuambiwa. Anautazama mwili wa mwalimu: mikono, macho, pumzi, mapigo ya moyo. Leokadia alipoyaona matawi mguu wake uliinuka wenyewe, moyo ukaruka, na Suka akalishika somo siku ileile. Magazeti yakamwandika. Baba yake, wakati huo bado yu hai, akachinja mbuzi.

Wanawake wa Kihanzile nao wakalishika somo. Kijiji chao Mkeka ulikuwa umekikata katikati: nyumba zikabaki juu, bustani za bondeni wanazoziita vinyungu zikabaki chini, na lile daraja la waenda kwa miguu waliloahidiwa likajengwa mbali huko, mahali watalii wanapopigia picha. Basi wakatoboa uzio. Kila alfajiri wakatandika matawi juu ya kona, misafara ikatambaa, wao wakavuka na vikapu vyao. Mashine za kufagia hazikuyagusa, kwa sababu Suka alifundishwa pia kwamba jani la mwenzako haliondolewi. Yakabaki palepale hadi yanakauka.

"Unamfutia lile somo," alisema Mhandisi Byabato, mkuu wa kipande cha Kitonga, aliyekuwa amesimama nyuma ya Hemedi muda wote huo. "Majani yote. Kesho asubuhi. Suka akiona jani, aone takataka, kama mwanzo."

"Watu wanavuka pale, mhandisi."

"Kuna uzio."

"Shangazi yangu anavuka pale."

"Ndiyo maana nakupa kazi hii wewe, ukawaambie." Byabato hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomfanya achukize. "Unaijua mizani yake. Sikuiweka mimi."

Mizani hiyo Leokadia aliijua. Msafara unaoshuka Kitonga na malori yaliyoshiba mzigo haukamatiki ghafla. Suka akimkuta mtu mbele, anapima: mmoja lamini, arobaini nyuma yake. Akikamata breki kali, malori ya nyuma yanapanda juu ya mabasi. Basi hakamati. Majani yaliyotandikwa mbali, juu ya kona, ndiyo peke yake yaliyompa nafasi ya kupunguza mapema.

"Nilimfundisha nusu," Leokadia akasema. Alikuwa akijisemea, lakini wote walisikia. "Baba alikuwa akiona jani limenyauka anapita. Anasema mwenye gari ameshaondoka, na ni mpumbavu kwa kutoondoa majani yake. Mhandisi, nimfundishe hivyo. Makavu ayakanyage. Mabichi apunguze. Huyu bwana angepita, na wale kina mama wangevuka."

Byabato akamtazama Hemedi, kana kwamba ruhusa ilikuwa yake.

"Msinitazame mimi," Hemedi akasema. "Fanyeni mnavyotaka. Wangu harudi." Akatoka, na mlango akauacha wazi.

"Haya," Byabato akasema. "Jaribu. Msafara ukichelewa tena kwa uchafu wa shangazi yako, usirudi hapa kuchukua hata mkoba wako."

*

Kihanzile waliliona gari la Kampuni likipanda tangu bado liko mbali. Leokadia alipoegesha, uwanja ulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mikeka wanapukuchua mahindi, na hakuna aliyeinua uso. Jiwe likagonga mlango wa nyuma. Hakujua lilitoka wapi, na hakuuliza.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi Auleria akaendelea kupukuchua. Punje zikadondoka kwenye ungo. Leokadia akabaki na shikamoo yake mdomoni mbele ya watu wote, mwanamke mzima, na hakuna tusi linalozidi hilo.

"Shangazi, nimekuamkia."

"Nimesikia. Namsubiri Leokadia mtoto wa kaka yangu aniamkie. Huyu aliyeshuka kwenye gari hili simjui."

Wanawake wakacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nimekuja kwa jambo la maana. Kuna mama amekufa kwa sababu ya majani yenu. Alikuwa anakwenda kujifungua."

Vicheko vikakatika. Mwanamke mmoja akashika mdomo, akasema jamani. Lakini Shangazi Auleria akaweka gunzi chini, polepole, na Leokadia akajua ameanzia pabaya.

"Na mume wangu?" shangazi akauliza. "Kabla hatujajua habari ya majani, alipogongwa pale na kikapu chake mkononi, mboga zimetapakaa lami nzima, alikuja nani hapa kuniambia kuna mtu amekufa kwa sababu ya barabara yenu? Mlisema karuka uzio. Mlisema ni kosa lake. Wewe ulikuja msibani na gari hilohilo, ukakaa nusu saa, ukatazama saa yako."

"Nilikuwa kazini, shangazi."

"Ulikuwa kazini! Na leo uko kazini. Umetumwa kutuambia tusivuke, tule mawe."

"Sikutumwa hilo! Hebu nisikilizeni. Kuanzia kesho majani..."

"Majani hayakuhusu!" Sasa shangazi alikuwa amesimama, na alikuwa mrefu kuliko Leokadia alivyomkumbuka. "Majani ni yetu. Hicho ndicho kitu pekee ambacho hilo dude linakiheshimu. Afadhali lenyewe kuliko nyinyi. Suka hakanyagi jani. Umesikia? Lina adabu aliyolifundisha mtoto wetu kabla hajaanza kula na wakubwa na kutusahau."

Leokadia alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: wekeni mabichi. Yangemtoka kirahisi kwa mtu mwingine yeyote. Lakini alikuwa Kihwele naye, hasira za ukoo zilikuwa zimempanda hadi masikioni, na tangu asubuhi alikuwa ametemewa mate, ametishiwa kazi, amepigiwa gari jiwe na amenyimwa marahaba. Isitoshe, alijiambia, kila alfajiri wanatandika mapya. Wana shida gani?

"Basi mtajijua wenyewe," akasema, akapanda gari.

"Tunajijua tangu zamani!" shangazi akamfuatishia. "Nenda! Na hilo jiwe mwambie bosi wako ni langu!"

*

Asubuhi ukungu ulipokwisha kuinuka kwenye mabonde, Leokadia akavaa bangili, akakaa nyuma ya usukani, Byabato pembeni yake na mkanda ameukaza kifuani. Majani ya kufundishia waliyatandika kwenye tawi la barabara lililofungwa kwa matengenezo, upande wa juu: makavu ya siku mbili, yamejikunja, rangi ya tumbaku.

Mara ya kwanza mguu wake uliinuka kabla hajaamua.

"Unaogopa," Byabato akasema. "Naye anaona unaogopa. Unamfundisha kuogopa makavu mara ya pili."

"Najua anachokiona. Nyamaza."

Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Mwili una ukaidi wake. Ulifundishwa na baba kwenye mteremko uleule, enzi breki zikinuka moshi, na hauwezi kuambiwa leo kwamba jani ni jani tu. Leokadia akarudi nyuma, akafunga macho kidogo. Akamfikiria mke wa Hemedi amelala chali, gari linatambaa, mumewe anagonga kioo. Akayachukia yale majani. Akayachukia kwa moyo wote, pamoja na mkono ulioyaweka na ulimi wa mwenye mkono, na akakanyaga mafuta. Majani yakapasuka chini ya magurudumu, vumbi lake likaruka kwenye kioo.

"Ehee!" Byabato akapiga goti. "Hivyo! Tena!"

Akakanyaga tena na tena, hadi moyo haukushtuka. Kisha wakatandika mabichi, na hapo mguu ukaruhusiwa kuinuka, gari likapunguza, likatambaa. Makavu, pita. Mabichi, tambaa. Suka alikuwa mwepesi kama siku zote. Kabla ya saa za chai taa ya dashibodi ikageuka kijani, maana yake somo limeshikwa na limesambaa Mkeka mzima, Morogoro hadi Mbeya.

Wakaenda juu ya kona ya Kihanzile kuhakikisha. Matawi ya alfajiri ya kina mama yalikuwa bado yana umande, na msafara ukaja ukatambaa kando yake kwa adabu. Wanawake walikuwa wameshavuka, wanaonekana huko chini kwenye vinyungu, wameinama. Byabato akatupa rundo la makavu mbali zaidi, upande wa chini wa kona. Msafara ukayapita kwa kasi, hata hayakupata nafasi ya kutulia chini.

"Nakuvulia kofia," Byabato akasema. Hakuwa na kofia. "Nitampigia simu yule bwana."

Leokadia akajiona mjanja. Tuseme ukweli, alijiona mjanja sana: kaokoa wagonjwa, kaokoa vinyungu, kaokoa mkoba wake, na shangazi hatajua hata siku moja kwamba anapaswa kushukuru. Akamwacha Byabato ashuke na gari la ofisi, yeye akabaki kwenye kituo cha walimu, juu ya kona, akala wali wake wa jana, akalala kidogo kitini na bangili mkononi.

*

Joto ndilo lililomwamsha. Jua lilikuwa limeshavuka utosi na lami ilikuwa inatoa mvuke. Akasogea dirishani kunywa maji, akatupa macho barabarani.

Matawi ya alfajiri yalikuwa yamejikunja.

Aliyatazama huku anakunywa. Yamepauka, kingo zimeingia ndani, lami ya moto imeyaoka kutokea chini na jua kutokea juu. Msafara ukaja. Haukupunguza hata kidogo. Ukayapita kwa ile kasi yake ya kimya, yakaruka, yakaanguka. Sawa kabisa, akajisifu, ndivyo nilivyomfundisha.

Kisha kikombe kikamtoka mkononi.

Wanavuka asubuhi kwenda. Na kurudi je? Wanarudi alasiri, kwa majani yaleyale. Kwa nini watandike mengine, wakati ya asubuhi bado yapo na Suka hakanyagi jani? Aliwaza kwenda kwao, hakuwaza kurudi. Yeye ambaye utoto wake wote alibeba kikapu kwenda vinyunguni na kurudi!

"Mungu wangu," akasema kwa sauti. "Nimewaua."

Akampigia Byabato huku anakimbilia gari. "Simamisha misafara ya Kitonga! Sasa hivi!"

"Kuna nini?"

"Wanawake wanarudi, majani yamekauka, atawakanyaga! Simamisha!"

"Leokadia, mimi sina kitufe cha kusimamisha barabara nzima. Hicho kiko makao makuu, kinaombwa kwa maandishi. Waambie wasivuke. Uzio upo."

Akaitupa simu kitini bila kuikata. Kwenye kona aliruka kutoka garini, akavamia kichaka, akaanza kuvunja. Panga hakuwa nalo. Akavunja kwa mikono, akanyonga magome yaliyokataa kukatika, viganja vikachubuka, akakumbatia alichopata akakimbilia lamini kukimwaga. Akarudi, akavunja tena. Chini ya kona aliwaona: wamejipanga kwenye tundu la uzio, vikapu kichwani, Shangazi Auleria mbele, wanazungumza zao. Hawakutazama juu. Walikuwa na majani yao. Kuna haja gani ya kutazama?

"Shangazi! Rudi! Rudini nyuma!"

Shangazi akainua uso, akamwona, akasonya hata kule juu ikaonekana, akaingia barabarani.

Msafara ukatokea kwenye mdomo wa handaki la barabara, huko juu ya kona. Haukuwa na ngurumo ya kumwonya mtu, upepo tu. Leokadia akamwaga kumbatio la pili katikati ya njia, akabaki kasimama juu ya matawi mabichi, hana la kufanya tena. Mguu wake wa kulia ukakanyaga lami kwa nguvu zote, kana kwamba kulikuwa na breki pale.

Lori la mbele likainamisha pua. Yote yakainamisha pua, moja baada ya jingine, magurudumu yakalia, harufu ya moto ikajaa. Likatambaa, likampita Leokadia kwa upande, likaendelea kutambaa kuteremka kona, na lilipofika kwa wanawake halikuwa na kasi kuliko mkokoteni. Likasimama hatua chache kutoka kwa shangazi. Kikapu kilikuwa kimeshamwanguka, mboga zimemwagika miguuni.

Leokadia akashuka kona akikimbia, matawi mengine bado mikononi. Shangazi hakumtazama usoni. Alitazama matawi mabichi aliyoyashika, kisha akatazama yale makavu yaliyopeperushwa hadi pembezoni, na akaelewa yote bila kuambiwa.

"Kumbe ulijua," akasema.

"Nilijua makavu atayakanyaga. Sikufikiria kurudi kwenu. Nakuapia, shangazi, sikufikiria."

"Jana ulikuja uwanjani kwangu."

"Nilikuja kuwaambia. Hamkunipa nafasi."

"Ulikuwa na mdomo. Ulipata nafasi ya kusema mtajijua wenyewe."

Machozi yakamtoka Leokadia, akayaacha yatoke. Shangazi Auleria akatandua kitenge chake cha juu, akakitandika kwenye lami ya moto mbele ya lori, akakaa. Akanyoosha miguu, akaupandisha mmoja juu ya mwingine. Wenzake wakatazamana. Mmoja akatua kikapu, akakaa. Wengine wakafuata, njia zote tatu zikazibwa na vitenge na mboga.

"Haya," shangazi akasema. "Majani hayana maana tena. Tuone kama sisi tunayo."

Vioo vya magari vikaanza kushuka, matusi yakamiminika. Wajinga nyie! Ondokeni, washamba! Kwenye gari la kufundishia, mlango wazi huko juu, simu ilikuwa bado inanguruma kwa sauti ya Byabato, naye sasa alikuwa amejifunza kupandisha sauti.

"Leokadia! Naona kwenye picha! Vua bangili! Anajifunza! Unanisikia? Vua bangili!"

Alisikia. Suka alikuwa hajawahi kuona hili: watu wameketi mbele ya msafara, mwalimu kasimama kati yao. Alikuwa anamtazama mwalimu ili ajue hii ni nini. Akiivua bangili, Suka hatajua kitu, na kesho mizani itarudi palepale, mmoja kwa arobaini. Akiwafokea, Suka atajua hawa ni wa kuondolewa. Na akikaa? Akikaa, Suka atashika kwamba Kihanzile ni mahali pa kusimama kwa ajili ya watu, majani yawepo yasiwepo. Kila msafara utatambaa hapa milele. Na ndani ya msafara fulani atakuwemo mke wa Hemedi mwingine. Jina la yule wa kwanza hakuwa hata ameliuliza.

Akaketi kando ya shangazi.

Hakukuwa na ushujaa wowote katika kuketi kule. Lami ilimuunguza mapaja, na moyo ulikuwa unampiga kwa hofu ya alichokuwa anakifanya. Lakini hakuwaogopa wale wanawake wala hakuwachukia, na hilo Suka alilisoma vizuri kwenye bangili.

"Nina mgonjwa!" mwanaume mmoja akapiga kelele kutoka gari dogo jeupe, la tatu kutoka mbele. "Nina mgonjwa humu, nyie wanyama! Anakufa!"

Leokadia akamgeukia shangazi. "Shangazi. Ana mgonjwa."

"Mimi nilikuwa na mgonjwa hapahapa," shangazi akasema, akitazama mbele. "Alikaa lamini hadi akawa maiti. Hawakusimama."

"Najua."

"Hujui."

Jua liliwapiga. Kisha shangazi akavuta kikapu chake upande, kwa hasira, kikakwaruza lami, akamwambia wa pembeni, "Mwache apite huyo mmoja." Wanawake wakasogea, njia moja ikafunguka. Leokadia akasimama, akaenda mbele ya lile gari jeupe, akatembea kinyumenyume mbele yake akiliita kwa mikono, njoo, njoo, na Suka akalitoa kwenye foleni, akalifuatisha mikono yake kwa unyenyekevu hadi likawapita wa mwisho. Hapo Leokadia akapisha. Gari lilipompita akachungulia ndani.

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mwanaume alikuwa peke yake, miguu kaiweka juu ya dashibodi. Akampungia mkono, akicheka.

Leokadia akarudi. Shangazi alikuwa ameona. Yeye naye alikuwa na macho.

"Alikuwa na mgonjwa?" akauliza hata hivyo.

"Hakuwa naye."

"Na hilo dude lako limejifunza nini hapo?"

"Kwamba anayesema ana mgonjwa anapita."

Shangazi Auleria akasonya, msonyo mrefu wa kutoka Kitonga hadi Mbuyuni. "Na kesho akija mwingine akisema hivyohivyo?"

"Atapita."

"Akiwa mwongo?"

"Atapita, shangazi. Hatumchungulii kwanza."

Shangazi akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu jana akamtazama usoni, na hapakuwa na msamaha wowote katika macho yale. Leokadia akaketi tena palepale alipokuwa. Juu ya kona simu ilinguruma mara moja zaidi, kisha ikakatika.

"Basi sogea huko," shangazi akasema. "Umenikalia kitenge."